Siku Sita za Bata Mzinga Asiyelia

Jumapili

Tulitoka Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, saa nane mchana, mimi na mwenzangu Mzee, yeye akiwa ametoka kanisani na bado amevaa shati la Pasaka. Barabara ya 63 inashuka kusini hadi Rolla, kisha vilima vya Ozark vinaanza, na kutoka Houston hadi West Plains (Houston hii ni kimji cha Missouri, si ile ya Texas) karibu kila pikapu iliyotupita ilikuwa na mtu wa nguo za mabaka kwenye usukani. Mzee alizihesabu. Tunaingia Alton amefika thelathini na moja.

"Kijana, tunaenda mawindo ao tunaenda vita?"

Kesho ni Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ya kufungua msimu wa bata mzinga mwitu hapa Missouri. Msimu ni wiki tatu, kila mwenye leseni ana haki ya ndege wawili, na ndege lazima awe dume au awe na ndevu zinazoonekana. Ndevu zenyewe ni kishungi cha nywele ngumu kinachoning'inia kifuani kama mkia wa farasi wa kuchezea. Mwenye shamba anawinda shambani kwake, na tangu mwaka 2024 ameruhusiwa kukaa mpaka jua lizame. Sisi wa nyumba za kupanga tunakwenda kwenye ardhi ya umma, na huko ikifika saa saba mchana bunduki chini. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Ardhi yetu ni Mark Twain National Forest, ekari kama milioni moja na nusu. Ni ya kila mtu, na shida yake inaanzia hapo hapo. Nilichagua upande wa Irish Wilderness, kusini kabisa, kwa sababu Bunge la Marekani liliutenga mwaka 1984 na tangu hapo hauingii gari, wala baiskeli, wala msumeno wa mota. Padri mmoja, John Hogan, alileta Waairishi kulima huku miaka ya 1850. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapita, na vilipokwisha Waairishi hawakuwepo tena, limebaki jina. Nikajiambia: mahali pa kuingia kwa miguu tu, watapungua.

Kwenye maegesho ya Camp Five Pond tumekuta magari tisa. Matatu yana namba za Arkansas, moja la Louisiana.

Tumepiga hema pembeni. Mzee ni Mbembe wa Fizi, Kongo, mtu wa Ziwa Tanganyika, na hasafiri bila dagaa. Amesonga ugali kwenye jiko la gesi na harufu imejaa bonde zima. Jirani wa hema la pili alikuja kuuliza kwa adabu ni nini hicho. Nilimtoa wasiwasi: bata mzinga hana pua ya maana. Ana macho. Anaona rangi, anaona ukope ukicheza mita sitini, ila harufu ya dagaa haimhusu.

Jezi yangu ya Simba imebaki nyumbani. Huku msituni hutakiwi kuvaa nyekundu, nyeupe wala buluu, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume wakati huu wa kupandana, na mtu mwenye haraka anaweza kukufyatulia. Shabiki wa Yanga angevaa jezi yake bila tatizo. Nimeliona hilo na sijalipenda.

Jumatatu

Nimeamka saa tisa na nusu usiku. Mzee hana bunduki. Yeye amefuata uyoga, ule wa masika ambao Wamarekani huuita morel, wenye kichwa cha matundu kama sega la nyuki. Nilimwacha na kofia yake ya chungwa na chai ya tangawizi, nikaingia njia ya Whites Creek na taa nyekundu kichwani.

Dume hulala juu ya mti. Ukitaka kujua yuko mti gani, humwiti kwa sauti ya jike gizani; unalia kama bundi. Akisikia bundi, hasira humpanda na hujibu kabla hajafikiri. Basi nilisimama kwenye mgongo wa kilima saa kumi na moja na robo alfajiri, mikono mdomoni, nikalia kama bundi. Kule Tabora, bundi akitua kwenye paa letu, mama alikuwa anatoka na kijinga cha moto kumfukuza, kwa kuwa kila mtu anajua bundi analeta habari gani. Mwanawe amekwenda ng'ambo ya bahari, amenunua leseni, na sasa bundi ni yeye.

Walinijibu bundi wanne, kila mmoja na kilima chake. Wa tatu alikohoa.

Bundi wa kweli hakohoi. Kulikuwa na watu wanne ndani ya kilomita mbili kutoka nilipo, na mimi ni wa tano. Kisha, mbali, kuelekea mto Eleven Point, nikamsikia: gorogorogoro, kama mtu anayetikisa ndoo ya kokoto. Mara moja. Na mara ya pili. Nadhani sote watano tulianza kutembea.

Nilikaa chini ya mwaloni uliozidi mabega yangu kwa upana, maana mgongo lazima ukingwe, nikapaka chaki kile kiboksi cha kuitia na kuvuta kifuniko chake taratibu: kyok, kyok, kyok. Jike anayeomba aonwe. Upande wa kushoto mtu mwingine akavuta chake, kwa nguvu zaidi. Mwingine akaanza kwa kiwambo, kile cha kubana kwenye kaakaa. Kwa nusu saa msitu ulikuwa kama soko la kuku Jumamosi. Dume akanyamaza na hakufungua mdomo tena. Saa mbili milio mitatu ya bunduki, yote mbali. Saa saba nilirudi.

Mzee: uyoga kumi na mmoja. Mimi: kupe wawili.

Jumanne

Nimetembea kilomita kumi na nne. Kila penye tope kuna alama ya kiatu, na juu ya alama hiyo kuna ya mwingine. Sijasikia hata mlio mmoja.

Kupe sita. Mmoja ana doa jeupe mgongoni. Huyo ndiye wanayemwogopa huku: akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, nyama yote nyekundu. Mtu anakula mshikaki jioni, usiku wa manane anavimba na kukosa pumzi. Ndege na samaki unaendelea kula. Nilimweleza Mzee, akatazama bakuli lake la dagaa kama mtu aliyewekeza vizuri.

Jumatano

Ya leo nitaiandika kama ilivyokuwa, maana mkono ulinitetemeka hata baada ya chai.

Niliondoka mapema kuliko wote, saa nane na nusu, nikazunguka kilima cha pili mpaka mahali ambapo misonobari inakutana na mialoni. Nilikuwa na nadharia: wote wanaishia kilima cha kwanza. Hapo nilikaa. Miti midogo ya maua meupe, wanayoiita dogwood, ilianza kuonekana kabla ya kitu kingine chochote, kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Hakuna dume aliyelia. Nilitoa kisahani cha sleti na kijiti chake, nikakwaruza kidogo sana, sauti ya jike anayejisemea mwenyewe. Nikasubiri robo saa. Nikakwaruza tena.

Saa moja na dakika kadhaa, jike alijibu bondeni. Sauti tamu, ya kweli kabisa. Nikamjibu. Akanijibu. Mpango ni huo: jike akija, dume humfuata nyuma. Tuliongea hivyo karibu saa nzima, na yeye akisogea. Kisha nikasikia majani makavu. Hatua mbili, kimya. Hatua tatu, kimya. Bata mzinga anapotembea anafanya sauti ile ile ya mtu anayenyata. Asiyejua hilo hafai kushika bunduki. Niliweka kitako begani, mtutu juu ya goti, usalama bado umefungwa.

Kilichotokea nyuma ya kisiki kilikuwa ncha ya kiatu.

Sheria ya hapo ni moja na nilifundishwa darasani kabla ya kupewa cheti: usipunge mkono, usisimame, usipige mluzi. Ongea, tena kwa sauti ya mtu. Nilipaza "Habari ya asubuhi!" kwa Kiswahili, sijui kwa nini, Kiingereza chote kilikuwa kimeruka. Lakini hakuna bata mzinga anayesema habari ya asubuhi, akaelewa. Akasimama kijana wa miaka kama ishirini na miwili, mweupe kuliko yale maua, bunduki ameielekeza chini.

Alikaa mbele yangu kwenye majani na hakuweza kusema kwa muda. Kisha akasema alidhani mimi ni jike. Nikamwambia na mimi nilidhani yeye ni jike. Alitoa kiwambo mdomoni, akakifuta kwenye suruali, akakitazama. Amenunua mwaka huu. Kazi yake ni kuezeka mapaa huko Arkansas, ana siku nne tu za likizo, na tangu Jumatatu anachokisikia ni majike. Majike kila upande, na hakuna dume hata mmoja.

Hapo ndipo kitu kilipoingia kichwani mwangu. Majike wa kweli wakati huu hawapigi kelele kiasi hicho. Wako kwenye mayai, kumi au kumi na mawili, wanataga kimoja kwa siku na kurudi kujificha. Ile sauti yote ilikuwa yetu. Wanaume wazima, wameacha kazi na wake, wamejipaka masizi usoni, wanaitana kwa sauti za kike kutoka kilima hadi kilima, na dume la kweli amelala juu ya tawi anatusikiliza. Ameshakwisha kusikia kyok-kyok ya siku ya kwanza na kilichofuata baada yake. Anayebaki hai mpaka Jumatano ni yule aliyejifunza kwamba jike anayeita sana si jike.

Tulishuka pamoja, bunduki zimefunguliwa, tukiongea kwa sauti. Mzee akampa chai. Kijana akaonja dagaa mmoja. Mmoja tu.

Alhamisi

Mvua tangu usiku, na radi. Hakuna aliyeingia msituni. Magari manne yameondoka, na lile la Louisiana.

Tulikaa hemani tukisikiliza maji, na Mzee akaniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamkera tangu Jumapili: hawa ndege ni wa nani? Msitu nimekuambia ni wa taifa. Na ndege?

Nikamwambia ndege ni wa jimbo, na yeye mwenyewe anawalisha. Tangu wapiga kura wa Missouri walipokubali mwaka 1976, katika kila dola mia moja unayotumia dukani senti kumi na mbili na nusu zinakwenda kwenye uhifadhi. Viatu vya mjukuu wake vimo. Juu ya hapo, anayenunua bunduki ndefu au risasi mahali popote Marekani ameshalipia kodi ya asilimia 11, na kwa sheria ya mwaka 1937 hiyo nayo inarudi kwa wanyama. Bila hivyo tusingekuwa tunabishana na mtu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni za mbao zilikata misonobari ya milima hii karibu yote. Kule Grandin, si mbali na hapa, palikuwa na kiwanda cha mbao kilichohesabiwa kati ya vikubwa kabisa nchini. Kufikia mwaka 1952 bata mzinga wa Missouri walikuwa chini ya 2,500. Walijaribu kufuga na kuachia. Wa kufugwa walikufa. Wakaanza kunasa wale wa mwitu wachache waliobaki Peck Ranch, hapo kaskazini yetu, kwa nyavu zinazorushwa na mizinga, na kuwahamishia kaunti nyingine. Msimu wa mwaka 1960 waliuawa ndege 94, basi. Mwaka 2004 zaidi ya 60,000. Siku hizi wamepungua tena.

"Nyavu za mizinga," Mzee akarudia. "Ndiyo sababu wanaitwa bata mzinga?"

Nilimwambia hapana. Hakuonekana kuniamini.

Mvua ilipokatika saa tisa, alikwenda kuangalia uyoga, maana baada ya mvua unachomoza. Hakwenda mbali; magoti yanamsumbua, na tangu tufike hajavuka mita mia nne au tano kutoka gari lilipo. Alirudi na kofia imejaa uyoga, na juu ya uyoga ameweka jani, na juu ya jani kinyesi.

"Hii ni ya ile kuku yako?"

Kilikuwa na umbo la ndoana, kama herufi J. Cha jike hujikunja kama konokono. Cha dume ndicho hunyooka na kupinda mwisho. Kilikuwa kibichi, mvua haijakigusa.

Nilimfuata. Nyuma ya maegesho, ng'ambo ya korongo ambalo kila mtu analivuka gizani akikimbilia vilima vya mbali, kuna mteremko mdogo wa mialoni. Majani yamepekuliwa chini mpaka udongo unaonekana, na kwenye shina la mti uliong'oka kuna shimo la vumbi kavu, limelindwa na mizizi, lenye manyoya mawili ndani. Ndege anaoga hapo. Anaoga hapo kila siku wakati sisi tumepanda milima kumtafuta. Mzee aliniambia anapakumbuka: siku ya kwanza aliokota unyoya akadhani ni wa mwewe.

Babu yangu alitega kwale kule Sikonge kwa vitanzi vya nyuzi za mkia wa ng'ombe. Sikuwahi kumsikia akimwita kwale. Alikuwa anatazama chini tu, siku nzima anatazama chini, na mimi nilikuwa naona ni mzee anayetafuta kitu alichopoteza.

Ijumaa

Sikuamka usiku. Nililala mpaka jua likatoka, nikaswali, nikanywa chai vikombe viwili na Mzee akakaanga uyoga kwa kitunguu. Wenzetu walikuwa wameshaondoka tangu saa kumi na moja. Niliwasikia bundi wao nikiwa ndani ya blanketi. Saa tatu na nusu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamelowa mpaka magotini, wakafunga milango ya magari kwa hasira na kwenda kutafuta kifungua kinywa Alton. Yule kijana wa Arkansas alinipungia mkono.

Saa nne maegesho yalikuwa matupu. Nilivaa kofia ya chungwa na kuhesabu hatua. Sheria ya msitu wa taifa inataka yadi 150 kutoka kambi au jengo. Nilikwenda hatua mia nne na hamsini, kisha nikaongeza hamsini kwa ajili ya roho yangu. Nilikaa chini ya mwaloni, shimo la vumbi likiwa mbele yangu kama mita thelathini, nikavua ile kofia na kuweka kitambaa cha mabaka usoni. Kiboksi, kisahani, kiwambo, vyote nilikuwa nimeviacha ndani ya gari kwa makusudi. Nilijijua.

Kitu pekee nilichofanya: kila baada ya dakika ishirini hivi nilikwaruza majani kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kwaruza-kwaruza, kimya, kwaruza. Kama kuku anayekula bila haraka.

Saa tano. Kigogota akafanya kazi juu yangu na kunimwagia maganda. Mguu wa kulia ukafa ganzi, nikauacha ufe. Kupe alipanda shingoni na nikamwacha naye. Nilikuwa nawaza juu ya mikate niliyoahidi kununua nyumbani wakati niliposikia, au tuseme nilipohisi, kitu kama lori linalopita barabara ya mbali sana. Dundo dogo linaloingia kifuani kabla ya masikio. Ndiyo sauti ya dume anayejitutumua bila kulia. Ilitoka nyuma ya bega langu la kulia, upande ambao bunduki haiwezi kugeuka.

Sikugeuka. Alichukua muda ambao siwezi kuukadiria. Kwanza niliona kivuli cha mkia uliofunguka, kisha yeye mwenyewe, mweusi mwenye kung'aa shaba na kijani, mabawa yakiburuta majani, kichwa cheupe juu na chekundu chini. Alipita mita kumi na mbili kutoka kwenye goti langu. Akasimama. Manyoya yakalala, shingo ikapanda juu; alikuwa anahesabu miti, nadhani, na mti mmoja ulikuwa umezidi. Kisha akaenda kwenye shimo lake, akaingia nyuma ya mizizi, na kwa muda ule kichwa kilipofichika nikainua mtutu.

Alipotoa kichwa nilisema bismillah na kufyatua. Marisau yalikusanyika shingoni. Nilikimbia na kisu na mguu wangu wa ganzi, nikaanguka mara moja, nikamfikia bado anapiga mabawa na kumchinja kuelekea kibla, ambacho kutoka Missouri ni kaskazini mashariki. Saa ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Kilo tisa na kidogo. Ndevu zaidi ya shibiri. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo, sentimita mbili na nusu, kimechongoka. Si pora huyu, ana miaka mitatu hivi, maana yake amepona misimu kadhaa ya watu kama sisi, akiishi umbali wa kurusha jiwe mara chache kutoka kwenye magari yetu.

Ndege lazima aripotiwe siku hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku, na simu haikushika mtandao mpaka tulipopanda mlimani kuelekea Alton. Mzee alikuwa amemshika mapajani njia nzima, kamfunika kwa lile shati la Pasaka.

Tulimnyonyoa kwenye uwanja nyuma ya nyumba yake saa mbili usiku, wajukuu wakikimbia na manyoya. Mapaja ya ndege huyu ni magumu, yanataka nazi na saa tatu za moto mdogo. Kifua unakata vipande na kukaanga. Nilipopasua firigisi tulikuta changarawe, maganda ya njugu za mwaloni na mbegu ambazo hatukuzitambua. Niliiosha na kuiweka kwenye sahani pembeni, nikaingia ndani kunawa mikono. Nilipotoka Mzee alikuwa amekwisha kuichoma kwa chumvi na pilipili, na sahani ilikuwa tupu. Sikuulizwa.